Somo la Biblia: Imani ya Baba wa Mtoto Mgonjwa



Wakati wa Kwaresima Padre wetu alitupa sisi wa kikundi cha Jumatano karatasi yenye maswali matano juu ya imani. Alitaka kila mmoja wetu aende nayo nyumbani, asome, aombe, kisha arudi na jibu lake mwenyewe, wala si jibu la kukariri kutoka darasa la kipaimara. Tulipomaliza, aliniomba niyaandike majibu yangu kwa ajili ya jarida letu la parishi. Nilisita, kwa sababu majibu hayo yamechanganyika na mambo ya nyumbani kwangu, na baadhi yake yananiaibisha. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimeficha vya kutosha.

Kabla ya kuendelea, chukua Biblia yako usome Marko 9:14-29. Soma polepole, mara mbili. Kama wewe ni mzazi, soma mara ya tatu ukimfikiria mwanao.

HABARI YENYEWE

Bwana Yesu anashuka kutoka mlimani, alikogeuka sura mbele ya Petro, Yakobo na Yohana. Huko chini anakuta vurugu. Wanafunzi wengine wamezungukwa na umati wa watu, na waandishi wanajadiliana nao. Katikati ya mabishano hayo yuko baba mmoja aliyemleta mwanawe. Mtoto huyo huangushwa chini, hutokwa na povu, husaga meno na kukauka mwili. Mathayo naye anaisimulia habari hii (17:14-20), na Biblia yetu ya Kiswahili inautaja ugonjwa huo kwa jina tunalolijua sote: kifafa. Baba alikuwa amewaomba wanafunzi wamponye mtoto, nao walishindwa.

Tazama hali ilivyokuwa. Wenye elimu wanabishana, watu wanatazama, na mtoto bado ni mgonjwa. Mara ngapi mambo yamekuwa hivyo hata katika vikao vyetu vya kanisa! Sasa tuyachukue maswali ya Padre moja moja.

SWALI LA KWANZA: Imani ni nini?

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na kwa swali hili nilikuwa na jibu tayari. Nililifungua Waebrania 11:1, nikaridhika. Lakini usiku ule nikaanza kulitafakari neno lenyewe katika lugha yetu. Imani, kuamini, mwaminifu, amana: maneno haya ni ya ukoo mmoja. Zamani, kabla ya benki kufika kwetu, mtu aliyesafiri alimwachia jirani yake fedha au mbuzi kuwa amana. Alipoondoka hakujiuliza, "Je, moyoni mwangu nina hakika kiasi gani?" Alimtazama jirani. Kama jirani alikuwa mtu wa kutegemewa, mali ilikuwa salama, hata kama mwenyewe aliwaza njia nzima.

Basi nikaona kwamba kuamini ni kukabidhi. Ni kuweka ulicho nacho mikononi mwa mwingine kwa sababu unajua yeye ni nani. Imani ya Mitume na Imani ya Nikea, tunazozikiri tukiwa tumesimama, zinatufundisha yeye ni nani. Hilo ni jambo kubwa, nasi tusilidharau. Lakini mtu anaweza kuzijua zote mbili kwa moyo na asimkabidhi Mungu kitu chochote.

Yule baba wa Marko hakuwa na mafundisho mengi. Pengine angeshindwa katika darasa letu la kipaimara. Lakini alimchukua mwanawe akatoka naye nyumbani akamleta. Imani yake ilikuwa miguuni kabla haijafika mdomoni.

SWALI LA PILI: Bwana Yesu alisikitishwa na upungufu wa imani. Je, upungufu wa nani?

Swali hili lilinishtua. Siku zote nilidhani aliyekemewa ni yule baba. Nimewahi hata kufundisha hivyo. Lakini rudi katika maandiko, mstari kwa mstari.

Katika mstari wa 19 Bwana anasikitika juu ya kizazi kile chote. Anasema hayo baada ya kuambiwa kwamba wanafunzi wameshindwa. Katika Mathayo 17:20 wanafunzi wanapomwuliza sababu ya kushindwa kwao, anawajibu kwamba ni upungufu wa imani yao wao. Katika Marko 9:29 anawaambia kwamba jambo la namna hii lataka maombi. Kwa hiyo lawama kubwa inawaangukia wanafunzi, yaani watu wa kanisa, waliokuwa na kazi ya kusaidia.

Je, baba aliambiwa nini? Kwanza aliulizwa swali, na ni swali ambalo daktari mwema huuliza: mtoto amekuwa hivi tangu lini? Bwana alimwacha aeleze shida yake, jinsi mtoto alivyotupwa motoni na majini. Baba alipotamka lile neno la mashaka, kama Bwana anaweza lolote, alisahihishwa, ni kweli, lakini hakufukuzwa. Ndipo akalia kilio ambacho nadhani ni maombi ya kweli kuliko mengi tunayoyasikia. Alikiri kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe pale ambapo imani yake imepungua. Bwana hakumwambia aende kwanza akaongeze imani ndipo arudi. Alimponya mtoto.

Na mtoto mwenyewe? Hakuna mahali popote katika habari hii anapoulizwa imani yake iko wapi. Mgonjwa hakulaumiwa hata kwa neno moja. Wapendwa, tukumbuke jambo hili tunapokwenda kuwatazama wagonjwa. Ukimwambia mgonjwa, "Ungekuwa na imani ungepona," unaubeba mzigo kutoka bega ambalo Bwana aliuweka na kumtwisha mtu ambaye Bwana hakumtwika.

Bwana alilinganisha imani na punje ya haradali. Haradali hatuilimi sana hapa, lakini mchicha tunaujua. Mbegu yake ni ndogo hata upepo ukivuma inakupotea kiganjani. Hakuna mkulima anayekaa kuipima ukubwa. Anaitia ardhini. Iliyo ndogo ikiwa udongoni itaota. Iliyo kubwa ikibaki mfukoni haitafaa kitu. Hivyo imani ndogo iliyoletwa kwa Yesu ni bora kuliko imani kubwa ya kutangaza barazani.

SWALI LA TATU: Kuna tofauti gani kati ya kumwamini Mungu na kumjaribu Mungu?

Hapa nilitaka kuliruka swali. Jumatano ile, zamu yangu ilipofika, nilikaa kimya muda mrefu. Wenzangu wakaningojea.

Mwaka 1996 mwanangu wa pili, akiwa na miaka minne, alipata malaria kali yenye degedege. Alipona malaria, lakini baada ya miezi michache akaanza kuanguka. Nakiri kwamba kabla ya kwenda hospitali tulipita kwa mganga wa kienyeji, usiku, ili mtu asimwone mzee wa kanisa. Haikusaidia. Baadaye hospitalini alipewa vidonge vya fenobabitoni, tukaambiwa avimeze kila siku bila kukosa. Aliyekuwa akianguka mara tatu au nne kwa juma akawa anaanguka mara moja katika miezi miwili. Akaanza shule. Tulimshukuru Mungu.

Mwaka 2001 alikuja mhubiri mmoja mgeni, akafanya mkutano uwanjani. Alisema kwa sauti kuu kwamba anayeombewa kisha akaendelea kumeza dawa amemwambia Mungu kuwa ni mwongo. Mwanangu aliwekewa mikono. Tulipofika nyumbani nikaichukua ile chupa ya vidonge nikaitupa chooni. Mama yake aliniambia kwa upole, "Mume wangu, hata kama amepona, tungoje kwanza tumwulize daktari." Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye ndiye atakayeizuia baraka.

Siku tatu zikapita salama. Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Jioni ya Jumanne mtoto alikuwa ameketi karibu na mafiga akingoja uji. Mama yake alikuwa amekwenda kisimani. Mimi nilikuwa ndani nikisahihisha madaftari. Sikusikia kelele yoyote, nilisikia harufu. Nilipotoka, mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya moto. Usiku kucha, mpaka tulipomfikisha hospitali, alikuwa akipata kifafa juu ya kifafa bila kuzinduka katikati.

Daktari aliniuliza swali moja tu: mara ya mwisho alimeza dawa lini? Nikatazama sakafu.

Mwanangu aliishi, Mungu ashukuriwe. Vidole viwili vya mkono ule havijakunjuka mpaka leo. Baadaye nilielezwa kwamba dawa ya kifafa ikikatizwa ghafula inaweza kuleta kifafa kibaya kuliko kile cha kwanza. Sikuuliza kabla. Simlaumu yule mhubiri kuliko ninavyojilaumu mwenyewe. Yeye alikwenda zake. Mkono uliotupa chupa ulikuwa wangu.

Sasa fungua Luka 4:9-12. Ibilisi alimweka Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini, tena akamtolea maneno ya Zaburi ya 91 kuwa ushahidi. Angalia sana: jaribu hili lilikuja limevaa maandiko. Bwana alijua hakika kwamba Baba yake anaweza kumlinda. Hata hivyo alikataa, akajibu kwamba Mungu hajaribiwi. Basi tofauti ni hii. Kumwamini Mungu ni kujiweka mkononi mwake. Kumjaribu ni kutaka kuushurutisha mkono wake ufanye tulichokwisha kukitangaza. Mimi nilidhani nimefanya tendo la imani, kumbe nilipanda juu ya kinara cha hekalu. Tena sikujitupa mwenyewe, nilimtupa mtoto.

Maandiko hayapiganishi maombi na dawa. Luka, mwandishi wa Injili, anaitwa tabibu mpendwa katika Wakolosai 4:14. Timotheo alishauriwa na Paulo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Katika Yoshua bin Sira sura ya 38, kitabu ambacho kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya maisha mema, tunafundishwa kumheshimu tabibu, na kwamba dawa zinatoka katika nchi kwa uumbaji wa Mungu. Naye Yakobo anawaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta (5:14). Hasemi kwamba mgonjwa aache kutibiwa. Tangu mwaka ule nyumbani kwetu kuna kidonge na sala kwa wakati mmoja. Mama yake hushika kikombe cha maji, nami huomba. Hatujaona kwamba Mungu amechukizwa.

SWALI LA NNE: Tukiomba tusipewe, tuseme nini?

Baada ya mambo yale sikuja kikundini karibu mwaka mzima. Niliona aibu kwa sababu ya ule ushuhuda wangu. Jumapili nilikuwa nasimama nje chini ya mwarobaini, nikisikia nyimbo, na kabla ya baraka nilikuwa nimekwisha ondoka. Kuomba sikuweza. Kila nilipopiga magoti niliona mafiga.

Siku moja mama mmoja mjane wa kikundi chetu alikuja nyumbani na kikapu cha mihogo. Hakunihubiria. Alikaa, akazungumza na mke wangu habari za mvua, akautazama mkono wa mtoto, akampa muwa. Alipokuwa akiondoka aliniambia, "Mwalimu, kama huwezi kuomba, njoo ukae tu. Sisi tutaomba." Jumatano iliyofuata nilikwenda nikakaa.

Huko ndiko nilikoanza kuyaona maandiko ambayo zamani niliyapita haraka. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu (Danieli 3:17-18). Yule mhubiri alinifundisha nusu ya kwanza ya maneno yao. Nusu ya pili hakuitaja. Paulo, aliyewaponya wengi, alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba wake, wala haukuondolewa. Alipewa neema ya kuubeba (2 Wakorintho 12:7-9). Tena alimwacha rafiki yake Trofimo akiwa mgonjwa huko Mileto (2 Timotheo 4:20). Je, tuseme Paulo hakuwa na imani? Na ile sura kubwa ya imani, Waebrania 11, baada ya kuwataja walioziba makanwa ya simba, inawataja pia waliopigwa, waliofungwa na waliouawa (11:35-38). Wote wamewekwa katika orodha moja.

Nasi watu wa Afrika ya Mashariki tunao mfano wetu. Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai wa mwaka huo huo Rosine alifariki baada ya kujifungua, na mtoto wao mchanga wa kike akafariki siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Naamini aliwaombea wapone, kama mume na baba yeyote. Hakupewa. Lakini mwaka ule ule wa msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na kazi yake ya lugha aliiendeleza. Sisi tunaosoma Neno la Mungu kwa Kiswahili tumekula matunda ya shamba lililoanza kulimwa wakati wa matanga.

Kwa nini mtoto wa Marko aliponywa siku ile na mwanangu hakuponywa? Nimeacha kudai jibu. Jambo ninaloweza kulishuhudia ni hili: katika mstari wa 27, watu walipokuwa wakisema mtoto amekufa, Bwana alimshika mkono akamwinua. Mwanangu ameanguka mara nyingi, na kila mara ameinuliwa. Leo ni mtu mzima. Dawa bado anameza. Ana bustani ya mchicha na kuku wa mayai, na Jumapili ndiye anayeigonga kengele ya kanisa kwa ule mkono mzima.

SWALI LA TANO: Imani ni ya mtu mmoja au ya kanisa zima?

Soma Marko 2:1-12. Mtu mwenye kupooza alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari wakamshusha. Mwinjilisti anasema kwamba Yesu aliiona imani yao, yaani ya kundi, ndipo akasema na mgonjwa. Mtu huyo aliingia kwa imani ya mabega ya wenzake. Nilipokuwa chini ya mwarobaini, mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo, na yule mama mjane alishika pembe moja ya godoro langu.

Lakini kuna upande mwingine ambao lazima tuuseme kwa kweli, kwa kuwa ni wa parishi yetu. Mwaka 2008 mwanangu alipata kipaimara. Jumapili ya kwanza alipopiga magoti kushiriki Ekaristi, nafasi zilibaki wazi kulia na kushoto kwake. Kikombe kilipomfikia, waliokuwa nyuma yake walirudi vitini. Nilisikia mmoja akinong'ona habari za mate. Sikumchukia, maana hofu hiyo tumeirithi. Hata hivyo, niliona uso wa mwanangu.

Tuseme wazi basi. Kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kikombe, wala kwa kumshika mgonjwa. Ni ugonjwa wa ubongo. Mara nyingine huja baada ya malaria kali, au kuumia kichwa, au shida wakati wa kuzaliwa. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, ambako wagonjwa ni wengi kuliko sehemu nyingine nyingi, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto, kwa sababu walipoanguka watu waliogopa kuwagusa. Walipopata dawa, wengi walipata nafuu, wakarudi kati ya watu.

Mtu atauliza, je, Marko hasemi kwamba ni pepo? Anasema hivyo juu ya mtoto yule, nasi tunapokea. Lakini Mathayo 4:24, akihesabu wagonjwa walioletwa kwa Bwana, anawataja wenye pepo peke yao na wenye kifafa peke yao. Tusifanye haraka kumpa kila mgonjwa jina ambalo Injili yenyewe haikumpa.

Jumapili ya pili mambo yalikuwa yale yale, mpaka yule mama mjane alipoinuka kutoka upande wa akina mama. Alikuja na fimbo yake, akapiga magoti kushoto kwa mwanangu, mahali ambapo kikombe kitamfikia mara baada yake. Alikunywa. Hakusema neno wala hakumtazama mtu. Akafanya hivyo Jumapili ya tatu na ya nne. Mwezi wa pili wazee wawili walikuja. Kabla ya mwaka kwisha hapakuwa tena na nafasi wazi.

Mama yule amekwisha lala katika Bwana. Ningeulizwa leo imani ni nini, nisingetaja kwanza ule ushuhuda wangu uliopigiwa makofi. Ningetaja magoti ya yule mama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika Marko 9:14-29, wewe unafanana na nani zaidi: baba, wanafunzi, waandishi, au umati? Toa sababu.

2. Umewahi kumwambia mgonjwa au mfiwa neno juu ya imani ambalo sasa unaona lilimwumiza? Je, unaweza kwenda kuzungumza naye?

3. Ni shida gani nyumbani kwako ambayo unaificha kwa kuona aibu mbele ya kanisa?

4. Katika ibada yetu, ni nani ambaye nafasi za jirani yake hubaki wazi?

YA KUFANYA

Kama katika nyumba yako au jirani yuko mgonjwa wa kifafa, hakikisha anafika zahanati au hospitali, na asiache dawa bila shauri la daktari, hata kama ameombewa. Mtu akianguka, mwondoe karibu na moto, maji na vitu vyenye ncha. Mlaze kwa ubavu, weka nguo chini ya kichwa chake, usimtie kitu mdomoni, usimfunge wala kumkandamiza. Kaa naye mpaka azinduke. Ikipita dakika tano bado anatikisika, au akianza tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali mara moja. Hayo yote mnaweza kuyafanya huku mkiomba.

SALA

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyemsikiliza baba mwenye imani haba wala hukumfukuza, utusikilize na sisi. Tunakukabidhi watoto wetu na wagonjwa wetu. Utusamehe tulipokujaribu tukidhani tunakuamini, na tulipowatwisha wanyonge mizigo isiyo yao. Uwabariki madaktari na wauguzi, na dawa ulizotupa. Siku tusipoweza kuomba, utuwekee wenzetu wa kutubeba. Na siku tukiwa na nguvu, utufanye tupige magoti karibu na yule ambaye hana mtu kando yake. Kwa jina lako, unayeishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.